Moto Salama katika Bustani ya Taifa

Kuna nchi moja, na nianze kwa kusema kwamba si hii yetu. Msomaji ambaye ameshageuka nyuma kuona kama kuna mtu anamtazama akisoma, atulie. Nchi ninayoisimulia iko mbali, ina bendera yake na wimbo wake, na viongozi wake wana vitambi vya namna nyingine kabisa. Mimi nilipita huko kama mgeni tu. Niliyoyaona nayaeleza kwa nia njema, na pakitokea jambo linalofanana na la kwetu, lawama apewe huyo aliyeuona mfanano.

Katikati ya mji mkuu wa nchi ile kuna Bustani ya Taifa. Zamani, wakati wa wakoloni, hapakuwa na bustani. Palikuwa na uwanja wa vumbi nyuma ya karakana ya reli, na mwaka mmoja watu wa reli waligoma. Wake zao na dada zao walivingirisha mawe matatu makubwa yaliyobaki kwenye ujenzi wa daraja, wakayafanya mafiga, wakapika makande ya kuwalisha wagomaji. Siku moja adhuhuri, watu wakiwa wamepanga foleni na sahani mkononi, askari walikuja wakapiga risasi. Waliokuwa kwenye foleni hawakula.

Vitabu vya shule vya nchi ile vinasema kwamba siku hiyo palitokea kutoelewana. Nani alikufa, havisemi. Wakoloni hawakuandika, kwa sababu zinazoeleweka. Walioshika nafasi zao nao hawakuandika, kwa kuwa baadhi ya waliokuwa nyuma ya bunduki siku ile walikuwa wameshapata vyeo vipya, na ingekuwa utovu wa adabu kuwakumbusha kazi yao ya zamani.

Wanawake hawakubishana na vitabu. Kila mwaka, siku ile ile, hurudi kwenye mafiga wakapika makande, na yeyote anayepita anakula bure. Sharti ni moja. Ukifika mbele ya sufuria, mwenye upawa anakuuliza, "Hiki cha nani?" Nawe unataja jina la mmoja wa wale ambao hawakula. Ukishataja unapakuliwa. Kama hujui jina, unasikiliza aliye mbele yako anasema nini, unalichukua lile lile, na mwakani unalijua. Majina hayo hayakuwekwa popote pengine. Yanaishi vinywani mwa watu, pamoja na maharage.

*

Wizara inayosimamia bustani katika nchi ile inaitwa Wizara ya Usalama, Mapumziko na Mambo Yaliyopita. Ina idara mbili ambazo hazisalimiani. Ghorofa ya juu kuna Idara ya Usalama, ya Bwana Sospeter Ludala, mtu anayefunga mkanda hata akikaa kwenye kochi nyumbani kwake. Ghorofa ya chini kuna Idara ya Mambo Yaliyopita, ya Daktari Eufrasia Nditi, mama mmoja mkavu ambaye hajawahi kusamehe kwamba ofisi yake ndiyo iliyopewa chumba chenye bomba linalovuja.

Msiba ulianza siku naibu wa Bwana Ludala alipokuwa akitembea bustanini macho yakiwa kwenye simu, akajikwaa kwenye figa. Taifa lilipoteza ukucha. Bwana Ludala alilia mbele ya waandishi wa habari, kisha akatangaza Operesheni Pumzika Salama.

Nani atasema hakufanya kazi? Bembea zilifungwa minyororo. Mabenchi yaliwekewa mikanda. Bata wa bwawani walivishwa vizibao vya rangi ya machungwa ili wasigongane. Kila aliyeingia bustanini alilazimika kuvaa kitu kigumu kichwani, maana juu kuna mbingu na haijulikani. Mabango ya mbao yalisimikwa kila mahali: HATARI, NYASI. HATARI, KIVULI. Palikuwa na moja karibu na lango lililoandikwa HATARI, BANGO, kwa kuwa watu walikuwa wakijigonga kwenye mengine. Burudani iliyobaki kuruhusiwa ilikuwa kulisha bata, nayo kwa kuwarushia kwa mbali.

Bwana Ludala alitunga pia Kanuni ya Chakula cha Hadhara, inayosema kwamba chakula chochote kinachogawiwa hadharani kionjwe kwanza na kiongozi wa ngazi ya juu kuliko wote waliopo, na asile mtu mwingine kabla yake. Ilielezwa kuwa kanuni hii inawalinda wananchi na sumu. Wenye roho mbaya walisema viongozi walikuwa wamechoka kufika kwenye sherehe wakakuta minofu imeisha. Mimi sikuwasikiliza watu wa namna hiyo.

Mwisho kabisa akapiga marufuku moto. Siku ya makande ilipofika, wanawake waliuwasha kama kawaida. Askari wa bustani wakiongozwa na Afande Kisoka walitumwa kuuzima. Walifika na ndoo zao, wakakuta foleni, wakapewa sahani, wakaulizwa hiki cha nani, wakataja, wakala. Afande Kisoka aliripoti kwa simu kwamba hali imedhibitiwa, akaomba ruhusa ya kuidhibiti mara ya pili.

*

Waziri wao, Mheshimiwa Balthazar Nyamkara, alipopata habari hizo alifikiri sana, kisha akapata wazo lake. Shahada zake zote ni za historia ya nchi ile.

"Msipigane nao," aliwaambia wasaidizi. "Watukuzeni. Yafanyeni hayo mawe kuwa kumbukumbu ya taifa. Kitu cha kumbukumbu hakiguswi. Tena leo leo, kabla hawajamaliza kula."

Basi Daktari Eufrasia akapelekwa bustanini mchana ule ule. Niseme hapa kwamba Idara ya Mambo Yaliyopita ina desturi yake ya kazi: ukaguzi wote hupangwa saa ya chakula cha mchana, mahali penye chakula. Hivyo hakulalamika. Alikagua mafiga kwa makini, akakagua moto kwa karibu mpaka ukamwunguza kidole, akakagua makande sahani mbili. Na kwa kuwa ni mtaalamu asiyeongeza wala kupunguza, akaeleza alichokikuta kama alivyokikuta. Waziri akatia saini kwa kalamu ya dhahabu bila kusoma, na maneno yakachongwa kwenye bamba kubwa la jiwe jeusi, likafunikwa shuka kusubiri siku ya uzinduzi.

Baada ya hapo mafiga yalianza kupendwa na serikali. Daktari Eufrasia aliyazungushia uzio wa chuma wenye ncha za mikuki, kwa heshima. Bwana Ludala akasema ncha zile zitamchoma mtu jicho, akauzungushia uzio wa Daktari uzio wake wa mabati. Daktari akasema mabati yanaziba kumbukumbu, akajenga jukwaa la kuchungulia. Bwana Ludala akasema jukwaa lina kimo, akalifunga. Kila mmoja akaweka kufuli lake na kuweka ufunguo mfukoni. Miezi mingi ikapita, na kiumbe pekee aliyekuwa akiiona kumbukumbu ya taifa ni paka mmoja aliyepenya chini ya mabati akazaa katikati ya mafiga.

*

Mimi nilifika ofisini kwa Bwana Ludala kuomba kibali cha kuwapiga picha bata. Nikiwa kwenye benchi nimefungwa mkanda, akaingia mwanamke mmoja mfupi, mnene, ana miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa Bi Mwatumu Chande, fundi wa kushona sare za shule mtaa wa Karakana, na ndiye mwenye upawa.

"Karibu, Bi mkubwa," alisema Bwana Ludala. "Kaa, ufunge mkanda."

"Nitasimama, baba. Nimekuja kuomba ufunguo. Siku imekaribia."

"Siku gani?"

"Unaijua."

Bwana Ludala alitabasamu kwa tahadhari. Alisema serikali haipingi kumbukumbu hata kidogo, na kwamba mwaka huu Waziri mwenyewe atakuja siku hiyo hiyo kuzindua, redio ikitangaza moja kwa moja nchi nzima. Kisha akatoa kabatini kitu kilichofunikwa, akakifunua kwa fahari. Kilikuwa chupa kubwa ya kioo, ndani yake taa nyekundu, feni ndogo, na kitambaa cha rangi ya machungwa kilichokuwa kikipepea.

"Moto Salama," alisema. "Hauunguzi, hautoi moshi, na saa za kazi zikiisha unazimwa."

Bi Mwatumu alisogeza miwani, akautazama. "Unaivisha maharage?"

"Mama, haya ni mambo ya historia. Maharage hayamo."

"Na watu watakula nini?"

"Watatazama."

Bi Mwatumu hakupandisha sauti, na kwa sababu hiyo hata karani aliyekuwa akigonga mihuri aliacha.

"Baba, mimi mama yangu hana kaburi. Alianguka pale akiwa na upawa mkononi, mimi nikiwa mgongoni kwake. Walimpakia kwenye lori na wenzake, na mpaka leo hatujui waliwashusha wapi. Wenzangu wakitaka kuwaombea wazazi wao wana mahali pa kusimama. Mimi nina yale mawe. Na hao wenzake wapo kwenye foleni ile tu. Mwaka jana majina mawili yalitupotea nusu saa nzima, mpaka mtu mmoja mwishoni kabisa akayataja. Mwaka huu tusipopika, mwakani hatutajua hata tumemsahau nani."

"Basi yaandikeni, myalete tuyahakiki."

"Tuliyaleta. Mkasema kila jina lithibitishwe na aliyempiga risasi."

"Ndio utaratibu," alisema Bwana Ludala, na kwa kweli alionekana kusikitika. "Mwaka huu haiwezekani, mama."

"Sawa. Lakini tutakuja."

"Mje kufanya nini?"

"Kulisha bata," alisema Bi Mwatumu, akaondoka.

Niliona hasira inanipanda mpaka masikioni, jambo ambalo mgeni haruhusiwi. Nikasahau kibali cha bata, na kwa vile mkanda ulikataa kufunguka, nilibaki pale na hasira yangu mpaka fundi alipoitwa.

*

Siku ilifika. Langoni alisimama Afande Kisoka na askari wake, wameambiwa wasiingize chombo chochote cha kupikia. Wanawake wa mtaa wa Karakana walikuja kwa msururu, na kila mmoja alikuwa amevaa sufuria kichwani, imeingia mpaka nyusi.

"Hizo nini?" aliuliza Afande.

"Kofia ngumu," alijibu Bi Mwatumu, ambaye yake ilikuwa kubwa hata akaishika kwa mikono miwili. "Si mmeagiza wenyewe tuvae?"

Afande alizunguka, akaigonga ile sufuria kwa kidole. Ilikuwa ngumu, hapakuwa na ubishi. "Na kwenye ndoo?"

"Chakula cha bata. Mahindi na maharage."

"Mbona yamechemshwa?"

"Bata wa serikali hawana meno, Afande."

Afande Kisoka alitazama juu, akatazama mbele, akakumbuka makande ya mwaka jana. "Usalama kwanza," alisema, akawapisha. Nyuma yao tuliingia sisi wengine, umati wa watu waliobeba sahani za bati na kudai kwamba ni za kujikinga na jua.

Mbele ya uzio palikuwa na jukwaa lenye zulia, na juu ya meza Moto Salama ulikuwa ukipepea katika chupa yake. Waziri alishika kipaza sauti, mtangazaji wa redio akiwa karibu yake anahema.

"Wananchi," alisema Mheshimiwa Nyamkara, "historia ni kama mgonjwa. Ukitaka ipone, usiisumbue. Leo serikali yenu inailaza historia mahali salama, inaifunika, na inaifunga mlango. Watu wa zamani walipika hapa kwa hatari kubwa sana. Fikirini moshi ule. Fikirini mawe yale bila uzio. Ni jambo la kumshukuru Mungu kwamba hakuna aliyeumia."

Upande wa wanawake sufuria ziligongana kidogo. Waziri akavuta kamba, shuka likaanguka, na lile bamba jeusi likaonekana. Mheshimiwa, ambaye hajawahi kuona maandishi mbele ya kipaza sauti akayaacha, alianza kuyasoma kwa sauti yake nzito.

"Mafiga ya Taifa. Mawe matatu yenye moto wa kuni unaowaka, na juu yake sufuria ya makande." Hapo sauti ilipungua mwendo. "Kumbukumbu hii itadumishwa katika hali ile ile iliyokutwa nayo siku ya kuorodheshwa. Atakayeibadili hali hiyo, awe mtu au idara, atafungwa."

Bata mmoja alipita na kizibao chake.

"Mheshimiwa," aliita Bi Mwatumu kutoka chini, "moto uko wapi?"

Waziri alionyesha chupa.

"Samahani, Mheshimiwa," alisema Daktari Eufrasia akisimama. Alimtazama Bwana Ludala kwa furaha ya mtu aliyevujiwa na bomba miaka yote. "Kisheria ile ni taa. Siku ya kuorodhesha mimi nilikuta moto. Ulinibabua hapa." Akainua kidole, redio ikakieleza kidole hicho kwa taifa. "Hali ya kumbukumbu imebadilishwa na Idara ya Usalama."

"Haikubadilishwa," alisema Bwana Ludala, jasho likimtoka chini ya kofia. "Ilisalimishwa."

"Hilo utamweleza hakimu."

Waziri aliinama, akanong'ona akisahau kwamba kipaza sauti kiko wazi. "Nani amesaini kitu hiki?"

"Wewe, Mheshimiwa," alisema Daktari Eufrasia. "Kwa kalamu ya dhahabu."

"Wasikilizaji," alisema mtangazaji, "Mheshimiwa Waziri sasa anatafakari."

Nchi nzima ilimsikia akitafakari. Ilichukua muda. Umati haukupiga kelele wala haukusogea, na nadhani kimya kile ndicho kilichomtisha zaidi. Mwishowe alinyoosha koti na kusema kwamba serikali yake haiogopi sheria zake yenyewe, na kwamba moto uwashwe mara moja, kwa utaratibu.

Bwana Ludala hakungoja kuombwa ufunguo. Mabati yaliondolewa, uzio wa mikuki ukafunguliwa, na mafiga yakaonekana, meusi kwa masizi ya miaka yote ile, na paka katikati akiwatazama viongozi bila kuinuka. Watoto wa paka waliwekwa kwenye kofia ya Bwana Ludala, akaambiwa aishike vizuri. Kuni hazikuwapo, lakini palikuwa na mabango. Yalikuwa ya mbao kavu nzuri. HATARI, NYASI ilishika upesi, na HATARI, KIVULI ilitoa mwanga mkubwa. Kiberiti kilitoka mfukoni mwa Afande Kisoka, ambaye kwa mujibu wa kazi yake havuti sigara.

*

Makande yalipochemka na harufu kutambaa bustani nzima, foleni ikajipanga. Bi Mwatumu alitoa chini ya khanga upawa wa mama yake, mpini wake umeungua upande mmoja. Kisha akamgeukia Waziri, akamkaribisha kwa adabu. Kanuni ya Chakula cha Hadhara inajulikana: kiongozi mkubwa aonje kwanza.

Mheshimiwa Nyamkara alikuja mbele na sahani, amechangamka, maana hapa palikuwa na jambo analoliweza.

"Hiki cha nani?" aliuliza Bi Mwatumu.

"Changu," alisema Waziri, akacheka peke yake.

"Hiki cha nani?"

"Ah. Cha Taifa."

"Taifa halikuwa na njaa siku ile."

"Basi cha Baba wa Taifa."

"Yule alifia kitandani, tena ameshiba. Taja mtu, Mheshimiwa."

Waziri aliwatazama wasaidizi wake. Wasaidizi waliwatazama bata. Shahada zote zile, na hakuna jina hata moja lililotoka.

"Simjui mtu," alisema mwishoni.

"Si kosa, mwanangu. Kaa nyuma kwenye foleni, usikilize. Sisi wote tulijifunza hivyo."

"Lakini kanuni," alisema Bwana Ludala akiwa amekumbatia paka. "Hakuna anayeruhusiwa kula kabla ya Mheshimiwa."

"Hawatakula. Watachukua, watamngoja."

Waziri wa nchi ile akaenda kusimama mwisho wa foleni, nyuma yangu. Mtangazaji hakujua afanye nini, akabaki ameelekeza kipaza sauti kwenye sufuria. Na nchi ikaanza kusikia.

"Hiki cha nani?"

"Cha Bakari Mtitu, aliyekuwa akichochea makaa."

"Hiki cha nani?"

"Cha Tausi binti Feruzi. Alikuwa ameleta maji tu."

"Cha Mpogole. Jina lake la pili hatunalo."

Afande Kisoka alivua kofia. "Cha Pascali Ngonde," alisema, na baada ya kusita akaongeza, "Babu yangu alikuwa upande wa bunduki." Bi Mwatumu alimtazama usoni muda mrefu, kisha akampakulia sawa na wengine.

Daktari Eufrasia alipofika mbele, ule ukavu wake ulikuwa umemtoka. "Cha Bi Hadija Kigwe," alisema, "mpishi." Upawa ulisimama hewani. Lilikuwa jina la mama yake Bi Mwatumu, ambalo yeye mwenyewe, kwa kuwa ndiye anayeuliza, hapati nafasi ya kulitaja. Alifuta macho kwa kiganja, akajaza sahani ile mpaka ukingoni.

Kila aliyepakuliwa alisimama pembeni na sahani yake inayofuka moshi, bila kula. Walijaa kwenye nyasi zilizokatazwa, wengine juu ya mabenchi, wote wakitazama mwisho wa foleni, ambako tulikuwa tumebaki wawili.

"Hiki cha nani?"

"Mimi mgeni," nilisema. "Nilikuwa napita tu."

"Unapita kutoka wapi?"

Nyumbani kwetu bibi mzaa mama huweka sahani ya ziada kila tunapokula, ameifunika kawa, na tangu tukiwa wadogo alituambia kwamba ni ya babu, babu amesafiri kikazi. Tulikua tukaelewa ni safari gani. Hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kumwambia kwamba ameelewa.

"Cha Selemani Lupembe," nilisema. "Fundi wa breki. Ni babu yangu."

"Lupembe ana watu?" aliuliza Bi Mwatumu. "Miaka yote tunamtaja sisi, tulidhani hana mtu." Akanipakulia mpaka juu, na nilipogeuka makande yakamwagika kidogo kwenye kiatu cha Waziri.

Sasa alikuwa amebaki yeye. Mheshimiwa Nyamkara alisogea. Nadhani majina yote aliyoyasikia yalikuwa yamemchanganyika kichwani, na lililobaki karibu lilikuwa moja.

"Hiki cha nani?"

Alisema kitu ndani ya tai yake.

"Sema kwa sauti, Mheshimiwa. Redio haikusikia."

"Cha Selemani Lupembe," alisema Waziri wa Usalama, Mapumziko na Mambo Yaliyopita. "Fundi wa breki."

Bi Mwatumu akampakulia. Waziri akaonja, akameza, akaitikia kwa kichwa kwamba ni salama. Ndipo umma wote ukala, wamesimama, na kwa muda mrefu bustanini mle vilisikika vijiko tu.

*

Naambiwa Bunge la nchi ile linaketi kuibadilisha sheria, lakini idara mbili hazijakubaliana nani aandike rasimu. Wakati wakisubiriana, kumbukumbu inadumishwa kama sheria inavyotaka. Moto unawaka kila siku, Bwana Ludala anaulinda na ndoo yake kwa kuogopa kufungwa, sufuria haikauki, na kila adhuhuri kuna foleni. Mabango yameisha yote.

Mimi nilirudi kwetu, nchi ambayo, narudia, ni nyingine. Nilimkuta bibi jikoni. Redio ilikuwa juu ya kabati, imezimwa. Redio ya nchi ile husikika mpaka nyumbani kwetu, sijui kwa nini.

"Amekula?" aliniuliza, hata sijavua viatu.

"Amekula, bibi."

Aliondoa kawa, akaichukua ile sahani ya pembeni, akaiosha taratibu, akaipanga na zile nyingine. Kisha akakaa, akanigeukia.

"Mwakani utanipeleka," alisema. "Nataka nimtaje mwenyewe."

Nilimkumbusha kwamba ile ni nchi ya watu, iko mbali, na langoni wana masharti yao.

"Usinichezee, mjukuu wangu. Kutoka hapa ni mwendo wa miguu," alisema bibi. "Na kichwani nitavaa sufuria."